Kodi ya Kraków hujulikana Januari

Anayetafuta fleti Kraków, Poland, akiwa bado Dar es Salaam au Nairobi huanza na picha: dari iliyo juu mita tatu na nusu, madirisha mapana, sakafu ya mbao, ngazi za mawe, na nje mtaa wa Kazimierz uliojaa migahawa. Bei nayo inavutia. Picha hizo si za uongo, ila zimepigwa Juni, na mpangaji anaingia Oktoba mwaka wa masomo unapofunguliwa. Ninachotetea hapa ni hiki: katika mji huu wa kale, pima kwanza namna fleti inavyopashwa joto, kisha aina ya mkataba. Kodi iliyoandikwa kwenye tangazo ije ya tatu.

Kraków ilitoka kwenye Vita Kuu ya Pili majengo yake yakiwa yamesimama, tofauti na Warszawa iliyobomolewa karibu yote. Mji wake mkongwe uliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1978, miongoni mwa maeneo ya kwanza kabisa. Kwa hiyo anayepanga karibu na uwanja wa Rynek Główny, au Kazimierz iliyoanza kama mji wa peke yake mwaka 1335, au Podgórze ng'ambo ya mto Wisła, mara nyingi anapanga ndani ya kamienica: nyumba ya matofali ya ghorofa tatu hadi tano, kuta nene, lifti hakuna. Upande wa mtaani ndio wenye dari ndefu na mapambo. Nyuma, uani, kuna jengo la pili liitwalo oficyna, lenye ngazi nyembamba na mwanga hafifu, na kodi yake huwa nafuu kidogo. Tangazo likisema “kimya kabisa, madirisha yanatazama uani”, uliza jua linaingia saa ngapi.

Kwa vizazi vingi nyumba hizi zilipashwa joto na piec kaflowy, tanuri refu la vigae lililokula makaa ya mawe. Moshi wake ulijaza bonde zima la mto kila majira ya baridi, hadi mji ukapiga marufuku: tangu 1 Septemba 2019 ni kosa kuchoma makaa ya mawe au kuni ndani ya mipaka ya Kraków. Ilikuwa hatua njema kwa mapafu ya watu. Lakini kila nyumba ilitafuta njia yake ya kuziba pengo, na hapo ndipo tofauti za leo zilipozaliwa. Nyumba moja iliunganishwa na mtandao wa maji moto wa mji. Jirani yake ikaweka boila ya gesi katika kila fleti. Ya tatu, ambayo wenye fleti hawakuelewana au fedha hazikutosha, ikabaki na umeme: vipasha joto vya ukutani, au tanuri lile lile la vigae likitiwa nyaya za umeme ndani. Majengo haya huweza kuwa kwenye mtaa mmoja, na fleti zake zikatangazwa kwa kodi zinazokaribiana.

Katika tangazo, neno la kutafuta ni ogrzewanie, yaani upashaji joto. Likifuatwa na miejskie, joto linatoka kwenye mtandao wa mji. Gazowe ni gesi, elektryczne ni umeme. Neno hilo lisipokuwepo kabisa, chukulia kuwa ni umeme mpaka uthibitishiwe vinginevyo.

Sasa hesabu. Bei ya fleti Poland ina vipande vitatu, na tangazo huonyesha kimoja au viwili. Kuna odstępne, fedha inayoingia mfukoni mwa mwenye nyumba. Kuna czynsz administracyjny, mchango unaokwenda kwa ushirika au jumuiya ya jengo kwa ajili ya usafi, taka, mfuko wa matengenezo, mara nyingi maji, na wakati mwingine joto. Kisha kuna media, ambayo haihusiani na vyombo vya habari: ni umeme, gesi, maji na intaneti.

Chukua mfano wa fleti mbili za mita za mraba 35. Takwimu ni za kuonyesha njia tu, soko hubadilika. Ya kwanza iko kwenye kamienica ya Kazimierz: odstępne zloti (fedha ya Poland) 2,400, mchango wa jengo 350, joto la umeme. Ya pili iko kwenye jengo la miaka ya 1970: odstępne 2,200, mchango 650 ukiwa na malipo ya awali ya joto na maji moto. Kwenye tangazo, ya kwanza inasomeka 2,750 na ya pili 2,850, na msomaji mwenye haraka anaona amepata nafuu ya zloti mia. Kisha Januari inaingia. Dari ya kamienica iko juu mita 3.4, hivyo kuna mita za ujazo 119 za hewa ya kupasha; kwenye jengo la 1970, lenye dari ya mita 2.5, ni kama 88. Vipasha joto vyenye jumla ya kilowati 3, vikiwaka saa sita kwa siku, vinakula uniti 18 kwa siku na 540 kwa mwezi. Kwa zloti moja kwa uniti, hiyo ni 540. Ongeza umeme wa kawaida 100 na intaneti 60: fleti ya kwanza imefika 3,450. Ya pili, kwa umeme wa 100 na intaneti ya 60, ni 3,010. Ukihesabu miezi mitano ya joto kamili na saba bila joto, ile iliyoonekana rahisi imekuzidishia gharama kwa zloti 1,500 kwa mwaka. Na saa sita kwa siku ni makadirio ya mtu anayeshinda chuoni na kulala na soksi.

Kuna kinachopunguza makali. Umeme wa Kraków unaweza kununuliwa kwa bei ya aina moja saa zote, mpango uitwao G11, au kwa bei mbili, G12, ambapo uniti ni rahisi kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na tena saa saba hadi saa tisa mchana. G12 inamfaa mwenye vipasha joto vya akiba, vile vizito vyenye matofali ndani, vinavyojichaji usiku na kutoa joto mchana. Fleti yenye vipasha joto vya akiba lakini iliyoandikishwa G11 inamla mpangaji bure. Uliza iko kwenye mpango gani kabla ya kutia saini, maana kubadili kunamhitaji yule ambaye jina lake liko kwenye mkataba wa umeme.

Aliyezoea LUKU au tokeni za Kenya atapata mshangao mwingine. Huko kwetu unanunua uniti ndipo unawasha taa. Poland unatumia kwanza, na mara nyingi bili ni makadirio yaliyotokana na matumizi ya mwaka uliopita, kisha mita inasomwa na tofauti inadaiwa. Joto la mtandao nalo hulipwa kwa makadirio kila mwezi, na jengo hufunga hesabu mara moja kwa mwaka. Mara nyingi kwenye kila kipasha joto kuna kifaa kidogo kinachopima sehemu ya fleti yako katika matumizi ya jengo zima. Matokeo ni nadpłata, ziada ya kurudishiwa, au niedopłata, deni. Hesabu hiyo ikifungwa baada ya wewe kuhama, nani analipa, na nani anarudishiwa? Kama mkataba haujasema, mwenye nyumba ataisema kwa kukata kwenye amana yako.

Tangu 28 Aprili 2023 mwenye nyumba anawajibika kumkabidhi mpangaji nakala ya cheti cha nishati cha fleti, świadectwo charakterystyki energetycznej. Mpangaji hawezi kuiacha haki hiyo hata kwa makubaliano. Ila majengo yanayolindwa kama mali ya kale yamesamehewa, na ndiyo hasa majengo ya katikati ya Kraków. Yaani pale ambapo cheti kingemsaidia mgeni zaidi ndipo kisipodaiwa. Badala yake omba bili za umeme au gesi za Desemba, Januari na Februari zilizopita. Mwenye nyumba mkweli huzitoa kwenye simu yake kwa dakika mbili.

Gesi inahitaji maneno zaidi, kwa sababu hapa kinachopotea ni uhai. Fleti nyingi za zamani zina heta ya gesi bafuni ya kuchemshia maji, ambayo Wapolandi huiita junkers. Aina ya zamani huvuta hewa ya kuwakia kutoka humo humo bafuni na kutoa moshi kwenye dohani ya jengo. Ilibuniwa enzi za madirisha ya mbao yaliyopitisha hewa kila upande. Kisha mwenye nyumba anaweka madirisha mapya ya plastiki yasiyopitisha hata uzi. Hewa safi haingii, moto unawaka vibaya, na mvuto wa dohani unaweza kugeuka: moshi unashuka ndani badala ya kupanda nje. Ukiongeza feni ya jikoni inayosukuma hewa nje, inaivuta kutoka dohani ya bafuni. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Wapolandi huiita czad, na kila majira ya baridi huua watu majumbani mwao.

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Fungua dirisha kidogo, shika karatasi nyepesi kwenye tundu la hewa la bafuni. Ikinata kwenye wavu, hewa inatoka inavyotakiwa. Ikianguka au kupeperushwa kuelekea kwako, dohani haivuti. Rudia dirisha likiwa limefungwa; ikianguka safari hii, madirisha ndiyo yanayokaba. Tazama pia chini ya mlango wa bafuni: lazima kuwe na matundu au uwazi. Halafu omba karatasi ya ukaguzi wa dohani na ya gesi. Sheria ya ujenzi inataka ukaguzi huo angalau mara moja kwa mwaka, kwa hiyo karatasi ya miaka mitatu iliyopita si karatasi. Kanuni mpya itazilazimu nyumba za zamani zenye vifaa vya kuchoma gesi kuwa na king'ora cha czad kuanzia 1 Januari 2030, lakini hakuna sababu ya kusubiri. Kinauzwa madukani kwa bei ya chakula cha watu wawili mgahawani. Nunua siku unayopokea ufunguo, na usizibe tundu la hewa kwa gazeti hata baridi ikizidi.

Unyevu tuupite kwa haraka kidogo. Ghorofa ya chini ya kamienica hunyonya maji kutoka ardhini, kwa kuwa msingi wa kale hauna kizuizi cha unyevu. Dalili ni plasta inayovimba na kumomonyoka hadi kiwango cha kiuno, harufu ya pishi, na rangi mpya iliyopakwa kwenye kona moja tu. Sogeza kabati lililoegemea ukuta wa nje utazame nyuma yake. Ukikaa humo, acha kama sentimita kumi kati ya kabati na ukuta, na usianike nguo juu ya kipasha joto chumba kikiwa kimefungwa. Maji yote ya nguo hizo yataishia kwenye kona yenye baridi zaidi na kuota ukungu.

Jambo moja la kisheria hushangaza hata wenyeji. Katika mkataba wa kawaida, sheria ya kulinda wapangaji ya 21 Juni 2001 inamwachia mpangaji matengenezo ya heta za maji na ya tanuri za joto, zile za akiba zikiwemo, pamoja na kubadilisha vipuri vilivyochakaa. Pande mbili zinaruhusiwa kukubaliana vinginevyo. Basi kubalianeni vinginevyo, kwa maandishi, kwamba chochote kinachotoa joto ni cha mwenye nyumba kutengeneza, na ndani ya siku ngapi. Fundi akichukua wiki mbili mwezi wa Julai si kitu. Januari ni jambo lingine.

Sasa mkataba wenyewe. Wenye nyumba wengi wanataka najem okazjonalny, mfumo ulioanza mwaka 2010 kwa watu binafsi wasiofanya biashara ya kupangisha. Wanaupenda kwa sababu kumtoa mpangaji wa kawaida kupitia mahakamani huchukua muda mrefu, na kati ya 1 Novemba na 31 Machi sheria haimruhusu kutupwa nje bila pa kwenda. Hofu yao naielewa. Chini ya najem okazjonalny mpangaji anatia saini mbele ya mthibitishaji wa nyaraka (notariusz) kwamba atahama bila ubishi. Ada ya mthibitishaji haivuki sehemu moja ya kumi ya kima cha chini cha mshahara: kwa kima cha 2025 cha zloti 4,666, ilikuwa zloti 466.60, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 23 juu yake. Asiyejua Kipolandi anahitaji pia mfasiri aliyeapishwa, na huyo analipwa kando. Nani analipa vyote hivi ni suala la mapatano. Kugawana nusu kwa nusu ni haki.

Kizingiti kiko kwenye sharti la pili. Mpangaji lazima ataje makazi mengine atakayohamia akitolewa, na alete tamko la mwenye makazi hayo kwamba atampokea. Mpolandi anamwandika mama yake. Mwanafunzi aliyeshuka juzi kutoka Mwanza au Kampala amwandike nani? Hapo ndipo biashara ya anwani ilipoota: kuna wanaouza tamko hilo mtandaoni kwa ada ya mwaka. Ni kinga ya karatasi kwa pande zote. Muuzaji akiondoa kibali chake, mpangaji ana siku 21 za kupata makazi mengine na tamko jipya, la sivyo mwenye nyumba anaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya siku saba. Umelipa fedha ili mtu usiyemjua awe na uwezo wa kukutoa kwako.

Mwaka 2017 sheria hiyo hiyo iliongezewa najem instytucjonalny, kwa wanaopangisha kibiashara. Humo saini mbele ya mthibitishaji inabaki, lakini sharti la anwani halipo. Kama kampuni yenye fleti mia inaweza kuishi bila anwani ya shangazi, sioni kwa nini mstaafu mwenye fleti moja ashindwe. Sharti hilo lifutwe, kwani kwa namna linavyofanya kazi leo linachuja watu kwa ukoo wao na kuacha uaminifu wao wa kulipa nje ya hesabu. Hadi litakapofutwa, mgeni aulize kama fleti inapangishwa na kampuni, au atafute mwenye nyumba anayekubali mkataba wa kawaida kwa amana kubwa zaidi. Katika mkataba wa kawaida sheria inaruhusu amana hadi mara 12 ya kodi ya mwezi, na katika okazjonalny hadi mara sita, ingawa desturi ni mwezi mmoja au miwili. Amana ya miezi mitatu inamtuliza mwenye nyumba mwoga kuliko anwani ya kununua.

Ukiukubali mfumo wa okazjonalny, mwenye nyumba ana siku 14, tangu upangaji uanze, za kuiarifu ofisi ya mapato ya serikali, na una haki ya kudai uthibitisho. Asipoarifu, anapoteza ule wepesi wa kukutoa.

Soma pia mkataba kama una tarehe ya mwisho. Aliyezoea kuhama kwa notisi ya mwezi atadhani hata huku ni hivyo. Sivyo: kwa kifungu cha 673 cha sheria ya madai ya Poland, mkataba wa muda maalumu kwa kawaida huvunjwa mapema tu kwa sababu zilizotajwa ndani yake. Ukitia saini mwaka mzima bila kifungu cha kutoka, unadaiwa mwaka mzima. Andikisha sababu zako: kuhamishwa chuo, kukosa kibali cha ukaazi, joto kutofanya kazi kwa siku kadhaa.

Kabla ya senti yoyote kutoka, hakikisha anayekupangisha ndiye mwenye mali. Omba namba ya księga wieczysta, daftari la ardhi. Za Kraków huanza na KR1P, kisha tarakimu nane na moja ya uhakiki. Daftari linasomwa bure kwenye tovuti ya wizara ya sheria, na sehemu ya pili ndiyo yenye jina la mmiliki. Fleti nyingine za ushirika hazina daftari. Hapo ushirika wenyewe hutoa cheti. Mtu anayesema yuko nje ya nchi na atatuma ufunguo kwa posta ukishalipa ni mwizi, hata picha ziwe nzuri vipi. Dalali naye kwa desturi huchukua kodi ya mwezi mmoja na VAT, na hulipwa mkataba ukisainiwa. Ada ya kuonyeshwa nyumba, ile ya kwetu, si desturi huku.

Utakutana na matangazo yanayosema wageni hawatakiwi. Yanaumiza, na sheria ya usawa ya 3 Desemba 2010 inakataza ubaguzi wa rangi na asili katika huduma za makazi zinazotolewa hadharani. Hifadhi picha ya tangazo hilo.

Meldunek, yaani kuandikisha anwani, hakukupi haki juu ya fleti, japo wenye nyumba wengi huamini hivyo na hukataa. Ofisi ya mji huipokea kwa kuonyesha mkataba wa kupanga. Kuandikisha ni bure, na mgeni anayeandikishwa kwa zaidi ya siku 30 hupewa PESEL, namba ya utambulisho wa mkazi, inayorahisisha mambo ya benki, hospitali na kodi ya serikali. Lizungumze hili siku ya kuona fleti, maana baada ya kulipa amana huna tena cha kushikilia.

Kwa mwaka wa kwanza, ushauri wangu ni kuacha Mji Mkongwe uwe mahali pa kutembelea. Nenda Krowodrza, au Prądnik, au sehemu ya zamani ya Nowa Huta, mji uliojengwa kuanzia 1949 kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda cha chuma: majengo ya matofali, miti mingi, joto la mtandao, na tramu inayokufikisha katikati kwa kama nusu saa. Tafuta kabla ya Agosti, au subiri Novemba ambapo waliokosa wapangaji wa Oktoba hulegeza bei.

Siku ya kukabidhiwa, andikeni protokół, yaani hati ya makabidhiano: idadi ya funguo, namba na usomaji wa kila mita, kila mkwaruzo, picha zenye tarehe zikiambatishwa kwa barua pepe siku hiyo hiyo. Washa kila kipasha joto hata kama ni Agosti. Fungua bomba la maji moto na utazame heta ikiwaka: mwali unatakiwa kuwa wa bluu. Ukiwa wa njano na wenye masizi, usilale humo usiku huo. Uchakavu wa kawaida si wako kulipa, na amana inatakiwa kurudi ndani ya mwezi mmoja tangu utoke, ikiwa imekatwa tu kile mwenye nyumba anachoweza kukionyesha kwenye protokół hiyo.